Faranga Ishirini Nilizoziacha

Jumamosi, 5 Februari 1955. Lusangi.

Mshahara umefika na lori la pamba. Nusu imekatwa tena. Deni la shule ya walimu: chakula cha miaka mitatu, nguo, madaftari, vyote misioni ililipa. Nami nilitia sahihi. Mpaka liishe, nafundisha pale watakaponiweka. Wameniweka Lusangi. Marta yuko Nyangwe. Baba yake, Mzee Kitenge, amesema wazi: binti yake hatakuja kukaa huku mbali. Nipate kazi Nyangwe kwanza, ndiyo tuongee mahari.

Nimekula mihogo bila kitoweo. Namtaka Marta. Basi.

Jumamosi, 19 Februari.

Kumbe! Miaka yote hii nakatwa na sijawahi kuuliza limebaki kiasi gani. Mjinga kabisa mimi. Leo nimekwenda misioni, nimemwuliza Padiri mkubwa. Hakukasirika hata. Alinionyesha hesabu katika daftari lake. Kwa mwendo huu, mwaka mmoja na nusu bado. Nikiongeza pesa yangu juu ya ile inayokatwa, linaisha mapema. Likiisha kabla ya majina ya walimu na shule zao kusomwa mwezi wa saba, naweza kuomba Nyangwe. Mwalimu wa pale anaondoka.

Nimerudi naimba juu ya baisikeli. Watu wa mashambani wamesimama kunitazama.

Jumanne, 29 Machi.

Mpunga wangu nimeuuza. Wote, hata wa kula. Pesa imekwenda misioni. Bernadi, mwalimu mwenzangu, jirani, ananicheka: "Tomasi, iko siku utaanguka mbele ya batoto. Kula, ndugu yangu!" Acheke. Yeye mkewe yuko jikoni hapo. Usiku nawasikia wakiongea. Najifunika kichwa.

Ijumaa, 6 Mei.

Nimeuza baisikeli. Ndiyo ilikuwa inanipeleka Nyangwe. Sasa sitamwona Marta hadi likizo. Sauti yake naanza kuisahau, na hilo linanitisha. Mikono yake naikumbuka, akigeuza samaki juu ya moshi. Sokoni nikisikia harufu ya samaki wa moshi, nasimama tu kama mgonjwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniona. Aibu. Sijali.

Jumamosi, 18 Juni.

Nimelipa! Deni lote lililobaki, isipokuwa faranga ishirini. Nilikuwa nazo mfukoni. Nimeziacha kwa makusudi. Kwetu mtu mwenye adabu hawamalizii wakwe mahari. Unabakiza kidogo. Ukimaliza kabisa, umewaambia hutaki kuonana nao tena. Baba alibakiza mbuzi mmoja kwa babu mzaa mama, mpaka babu anazikwa, na walipendana sana. Misioni imenilisha miaka mitatu, imenifundisha kalamu hii. Ningewafungiaje mlango?

Nilimpa Padiri kwa mikono miwili. Alihesabu, akaandika, akasema asante. Nadhani ameiona heshima yangu. Nimetoka pale mwepesi, nimenunua hata karanga.

Marta wangu. Mwezi mmoja tu.

Jumatatu, 11 Julai.

Majina yamesomwa. Nyangwe amepewa mwingine. Mimi Lusangi. Mwaka mzima tena.

Nilingoja wenzangu watoke. Padiri alisema deni langu halikuisha, na mwenye deni habadilishiwi shule. Nikamweleza mambo ya wakwe. Aliweka kalamu chini. "Ungeniambia, Tomasi." Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Nikatoa ishirini. Zile zile, mfuko ule ule. Akaandika kwamba limeisha. Lakini majina yamekwisha kupelekwa, hayarudi.

Nimelia nyuma ya choo cha shule. Najichukia. Namchukia na huyo aliyepewa Nyangwe, masikini, hajanikosea kitu.

Alhamisi, 21 Julai.

Hakuna la kuandika.

Jumapili, 14 Agosti. Njiani, kutoka Nyangwe.

Nilikwenda kwa miguu. Jana nilimweleza Mzee Kitenge yote, bila kuficha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Marta hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya samaki wake. "Padiri iko baba-mukwe yako?" aliniuliza, akaingia ndani. Sauti yake, basi, ndiyo hiyo. Nikajua nimempoteza.

Mzee akaacha kucheka. Kisha akauliza nimekuja na nini. Nilikuwa na mshahara wangu wa kwanza usiokatwa. Nikampa wote, iwe mwanzo wa mahari. Alihesabu polepole. Akatoa faranga ishirini, akanirudishia mkononi.

"Hii ikae kwako. Utaileta siku ingine."

Nikazitia mfukoni. Akamwita mama Marta asikie: mpunga ukivunwa, binti atakuja kwangu, Lusangi au popote nitakapowekwa.

Leo asubuhi Marta alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba la mihogo, mama yake nyuma yetu. Hatukushikana mikono. Alinipa samaki wa moshi aliowafunga katika jani la ndizi. Akasema nisiwauze.

Nimekaa chini kupumzika. Nimekula mmoja. Ishirini ziko mfukoni. Mvua bado haijaanza, na shamba langu la mpunga halijalimwa.