Kijiko Kimoja Asubuhi, Kimoja Jioni

Hosteli, chumba namba 17
3 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamepunguza kelele. Mimi sijambo, ila kifua. Vumbi la hosteli hii halina adabu, linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Wiki ya pili sasa nakohoa, mpaka Mrefu, mwenzangu wa chumbani, anatishia kunihamishia koridoni na godoro langu. Nakuomba ile dawa ya chupa ya kahawia uliyonipa mwaka jana. Za huku ni maji matupu.

Ukurasa wangu unaendelea. Uliniuliza kazi yake nini: narekodi video fupi za maisha ya chuo, naziweka mtandaoni, watu wanatazama. Wanaonifuata wamefika mia tatu. Ungekuwa na simu ya maana badala ya hicho kisimu chako cha tochi ungeniona. Lakini wewe unataka barua, basi nakuandikia barua.

Mrefu anakuamkia. Hana mama, anasema anaazima wangu.

Mwanao,
Kitinda

*

9 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku tu wazima. Magoti yananikumbusha umri lakini dukani yananifikisha. Chupa hii hapa, ishike kwa heshima. Dawa hii haitoki bila cheti cha daktari, na miaka kumi na tisa niliyosimama nyuma ya kaunta sijaitoa hivihivi hata kwa jirani. Leo nimejiandika mimi mwenyewe kwenye daftari la wagonjwa. Mungu anisamehe, na mwenye duka asijue.

Nimebandika lebo ya mkono kama ninavyowafanyia wateja wote: *Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usizidishe. Mama.* Usichanganye na pombe, inaweza kukuzima pumzi. Namwambia hivyo kila mtu, usinune.

Hao mia tatu wanaokufuata wameshakula? Mwambie Mrefu nimekubali kuazimwa, ila anirudishe nikiwa mzima.

Mama

*

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Magoti je? Dawa imenisaidia, lakini kikohozi kimerudi, na Mrefu naye kimemshika. Tunakuomba mbili safari hii.

Nikuchekeshe: nilirekodi video nikisoma lebo yako kwa sauti yako ile ya dukani, na watu wameipenda ajabu. Wanasema mwandiko wako una upendo. Sasa tuko elfu kumi na moja! Chuo kizima wananijua. Hata mhadhiri wa takwimu ananiita Binti wa Dawa.

Mwanao,
Kitinda

*

8 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kukusikia una furaha. Nimetuma mbili, ya Mrefu nimeiandikia *Kwa binti yangu Mrefu*, asije akalalamika kwamba nabagua. Lakini mwezi mzima wa kikohozi si jambo la kuchekea. Nendeni zahanati ya chuo mkapimwe kifua. Mteja mwingine angenijia na kikohozi cha namna hii ningemtazama mara mbili. Wewe nimekutazama mara moja tu kwa sababu ni wewe.

Mama

*

20 Mei

Kitinda,

Hujambo? Wiki sita hujaniandikia.

Juzi mchana aliingia dukani msichana mwenye mkoba wa chuo. Akaniuliza, "Mnayo Dawa ya Mama?" Nikamwambia hiyo siijui, anionyeshe. Akanigeuzia simu juu ya kaunta. Nikaona mwandiko wangu.

Nilikuona, mwanangu. Nilikuona ukimimina dawa kwenye bilauri ya soda mpaka soda ikabadilika rangi. Nilimwona Mrefu, ambaye sikuwahi kumwona, akinywea kwenye chupa, na lebo yangu imegeuzwa iangalie kamera. Vijiko mmevitia masikioni kama hereni. Chini yake maneno ya watu: ongeza, ongeza, ongeza. Macho yako yalikuwa madogo. Nayajua macho hayo, kazi yangu ni kuyajua.

Yule msichana alikuwa anacheka. Hakujua kwamba Mama ndiye mimi.

Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo. Sitatuma tena. Nijibu.

Mama

*

27 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Nimelia mpaka Mrefu akafunga mlango watu wasisikie.

Naapa mwanzo nilikuwa nakohoa kweli. Video ya kwanza nilikunywa kijiko kimoja. Halafu mtu akaandika, jaribu na soda. Mama, hujui ilivyo. Nikijirekodi nasoma, wanatazama watu arobaini. Nikinywa dawa yako, elfu arobaini. Kabla ya hapo nilikuwa nakula peke yangu kantini. Na hapa kila mtu anafanya, wengine vibaya zaidi yetu. Ni mchezo wa mtandaoni tu.

Nitaacha. Lakini nisipoinywa miguu inacheza yenyewe, mafua yananitiririka, mifupa inauma, na mitihani inaanza tarehe kumi na tano. Nitumie moja tu ya kunivusha. Ya mwisho. Na usimwambie baba yake Mrefu. Ni mwashi, amejinyima mengi kumfikisha hapa, itamuua.

Mwanao,
Kitinda

*

2 Juni

Kitinda,

Marahaba. Nimetuma moja, ni ya mwisho. Lebo ni ileile, fuata kilichoandikwa. Mitihani ikiisha uje nyumbani, yupo daktari ninayemwamini, tutakwenda pamoja wala hatakusimanga. Baba yake Mrefu sitamwambia kwa sasa.

Nakupenda. Sijui kama huwa nakuambia.

Mama

*

19 Juni

Mama,

Shikamoo.

Mrefu amefariki. Ni Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, ndipo walipotuambia hospitalini.

Nakuandikia kama ilivyokuwa, maana wewe hutaki mambo nusunusu. Mtandaoni ulianza mchezo wa kumaliza chupa. Niliposema ile yako ni ya mwisho, watu wakaandika, basi imalizeni mbele yetu. Nilikuahidi nitaacha, najua. Tulisimama dirishani penye mwanga, mimi nikanywa nusu, yeye nusu. Tukangoja. Hatukusikia chochote, hata usingizi. Mrefu akacheka, akasema miili yetu sasa ni ya chuma. Watazamaji nao wakapandisha, moja tena, moja tena. Jirani wa chumba namba ishirini akaleta chupa yake, dawa ileile, aliinunua mjini. Mrefu akaimaliza yote kama alivyomeza ile yako, bila woga. Mimi sikuionja, nilikuwa nimeshika simu.

Akalala. Akaanza kukoroma, koromo la ajabu, linakatika halafu linaanza tena. Nilimrekodi, Mama. Niliiweka mtandaoni na vikatuni vya kucheka. Watu walicheka sana. Halafu nikaona koromo limekatika na halikuanza tena. Nilidhani amegeuka upande.

Nimeifuta, lakini walikuwa wameshaichukua, wanapeana. Wanaonifuata wameongezeka maradufu.

Mwili unanidai bado. Hata leo, na kitanda chake kikiwa kitupu, nilitazama chupa kama imebaki tone.

Kuna kitu hakinitoki kichwani. Kwa nini ile chupa yako haikutufanya lolote?

Mwanao

*

24 Juni

Mwanangu,

Sikuulizi hali, naijua.

Chupa ile ilikuwa na dawa ya watoto wadogo, asali na limau tu. Ile yenyewe niliimwaga kwenye sinki la nyuma ya duka, nikaisuuza chupa, nikajaza nyingine, nikabandika lebo ileile. Nilijiona nina akili. Nilisema utakunywa, moyo utatulia, mwili utazoea kukosa, na hutajua. Ningekuambia ukweli ungetafuta kwingine.

Siku yangu ya kwanza dukani, kabla hata sijapewa koti jeupe, nilifundishwa kanuni moja: kilichoandikwa nje ya chupa ndicho kiwe ndani. Nimewafundisha kanuni hiyo wasichana wanne waliokuja kazini baada yangu. Nikaivunja kwa ajili yako, na Mrefu akajifunza kwangu kwamba chupa nzima haimdhuru mtu.

Wewe ulirekodi. Mimi nilijaza. Nakuambia hivi ili usibebe mzigo peke yako, wala sisemi hujabeba.

Jana nilikwenda kwa baba yake. Nilimkuta uani akikwangua saruji iliyokauka kwenye mwiko wake. Nilipojitaja tu akaingia ndani, akatoka na chupa tupu iliyokuja na vitu vya marehemu, ile ya Aprili. *Kwa binti yangu Mrefu.* Akaniambia, "Kumbe ni wewe. Ahsante, dada. Mwanangu alipata wa kumwita mama." Alikuwa ameiweka kabatini pamoja na picha zake.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliibandua lebo kwa ukucha, polepole, isichanike, akaniwekea kiganjani. Kisha akarudi kwenye mwiko wake.

Leo nimemwambia mwenye duka na mkaguzi wa dawa, daftari nimewaachia. Watakachoamua nitakipokea.

Nakuja Alhamisi kwa basi la kwanza. Sitakuja na chupa. Nimeongea na yule daktari, ametuwekea kitanda, na nitakaa nawe miguu ikicheza na mifupa ikiuma, siku zote itakazochukua. Simu mpe msimamizi wa hosteli. Kaa getini, penye watu, nikuone nikishuka.

Mpaka nifike usinywe chochote, hata kijiko kimoja.

Mama