Figa la Shangazi Ndani ya Kioo

Jumamosi. Upepo wa Dodoma umeamka na hasira zake. Nimekula vumbi la kutosha, hata chakula cha mchana sikukitamani. Nachapa haya kwenye kafe ya intaneti hapa Majengo.

Leo nimeona shoka la watu wa kale, lililochongwa kwa jiwe kabla binadamu hajajua chuma. Limewekwa ndani ya kioo, na taa yake peke yake.

Utoto wangu wote nimekula ugali uliopikiwa juu yake.

Shangazi Nyemo, dada yake baba, aliolewa kijiji cha jirani na Buigiri. Jikoni kwake mlikuwa na mafiga matatu, kama kwa kila mtu. Moja lilichimbiwa ncha chini, kitako juu, chungu kikatulia. Mwaka jana wakapita wataalamu wa mambo ya kale, wakakaribishwa chai. Mmoja akalitazama figa lile, akapiga magoti kama yuko kanisani. Mume wa Shangazi, Mzee Chilewa, mtu mkarimu sana kwa vitu vya wenzake, akaling'oa akawapa. Wakamwachia jiko la mafuta ya taa, jipya, la dukani. Shangazi alikuwa mashineni, anasaga.

Sasa, kwao mume aking'oa figa la mkewe hahitaji kuongeza neno. Amekwisha kumwambia: ondoka.

Mzee anaapa aliona jiwe tu. Shangazi akafunga begi, akaja kwetu Miyuji. Wazee wakaja kusuluhisha, wakanywa chai, wakarudi. Nami, kwa ujuaji wangu wa kuokoteza kwenye magazeti ya kufungia maandazi, nilidhani anakuza mambo.

Mpaka leo, makumbusho mapya yalipofunguliwa, nikaenda na Shangazi, nikalipeleka jicho kwenye kioo. Jiwe limechongwa pande zote mbili, makali kama jana. Mtaalamu akaeleza kwa fahari jinsi walivyolisafisha taratibu kwa brashi laini, miezi na miezi, hadi uchafu wote ukatoka.

"Uchafu?" Shangazi akaninong'oneza. "Yale ni masizi yangu."

Kisha mgeni rasmi akamwita Mzee Chilewa mbele, apigiwe makofi kama mtoaji. Shangazi akasimama.

"Mtoaji ni mimi. Huyo ni mng'oaji."

Nikatafuta pa kujificha, nikakosa. Vioo kila mahali.

Nilichokiona baada ya hapo sijawahi kukiona kwa mzee yeyote wa kwetu. Mzee Chilewa akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Anasema kweli. Jiwe halikuwa langu. Niling'oa jiko la mke wangu, na nyumba imepoa tangu siku ile."

Mgeni rasmi akauliza kwa woga kama mama anataka lirudishwe.

"Libaki humo, watoto walione," Shangazi akasema. "Ila mimi nina mafiga mawili."

Basi Mzee akatoka nje, na koti lake la sherehe, akaanza kuokota mawe nyuma ya jengo. Mlinzi akamfokea kwamba ni mali ya makumbusho. Mzee analeta moja, Shangazi analigusa kwa kidole cha mguu.

"Hilo litapasuka."

Analeta lingine.

"Hilo dogo. Unataka kupikia sungura?"

Wageni wakasahau soda zao. Mwishowe likaja moja pana, jeusi, limemchafua Mzee kifua kizima. Shangazi akalisukuma kwa mguu, likagoma kutikisika.

"Beba, Baba Ndahani," akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Wakaondoka kuelekea stendi, yeye mbele, jiwe nyuma. Nikamkimbilia: je, begi lake nimletee lini?

"Liache kwako kwanza, mwanangu. Nikaone kama jiwe hili litashika moto."

Begi liko chini ya kitanda changu. Leo nikifika nyumbani sihamishi hata mwiko bila kumuuliza mke wangu.