Miguu ya Nyuma ya Fisi

Jumapili, Bariadi. Mawingu yamesimama tangu asubuhi na mvua hainyeshi.

Mayu Milembe yu hai. Amesema hivyo mjukuu wake, Kabula, aliyenipigia simu jana kutoka Lingeka. Nilidhani alishafariki zamani. Niandike na hili pia: kudhani hivyo kulikuwa kunanipa nafuu.

"Bibi anakusikia redioni," Kabula alisema. "Anawaambia watu, huyo ndiye kijana aliyenichora."

Ni kweli. Nilimchora.

Nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu haikuwa na somo la sanaa. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, na madukani vikaonekana vitu tusivyovizoea, zikiwemo kalamu za rangi za wino mzito. Nilipata mbili, ya bluu na nyekundu. Mayu, yaani mama, ndivyo wote tulivyomwita Milembe. Aliuza michembe, viazi vikavu vya kuchemsha, nje ya lango la shule. Nilipomwomba akae nimchore, alifunga kitambaa upya kichwani.

"Usinizeeshe tu, mwanangu."

Alipikia mabua ya pamba na samadi kavu, na moshi ulikuwa umemtia wekundu machoni. Niliona nyekundu, nikapaka nyekundu. Lakini kila mtoto wa huku anajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu husemwa nini. Nami nilijua.

Nilibandika picha kwenye ubao wa matangazo. Watu wakajaa. Masanja, niliyekaa naye dawati moja, akapaza sauti:

"Macho umeyaweza, mchoraji! Sasa fisi wake yuko wapi? Au siku hizi anakwenda kwa miguu?"

Wachawi, husemwa huku, husafiri kwa fisi. Wote walicheka. Nilicheka.

Kesho yake Masanja aliazima kalamu yangu ya bluu, akachora fisi chini ya Mayu Milembe. Nilipomwona fisi huyo nilikasirika. Si kwa ajili ya mama wa watu. Nilikasirika kwa sababu fisi alikuwa mbaya, mgongo umenyooka kama wa ndama. Nikamchora upya juu ya mistari ile ile. Mgongo ukashuka, miguu ya nyuma ikawa mifupi, madoa yakakaa mahali pake.

Alitoka vizuri mno.

Picha ilibaki ubaoni hadi siku ya mkutano wa wazazi. Ningeweza kuibandua siku yoyote, lakini nilipenda kuona watu wamesimama mbele yake. Wazazi hawakucheka. Wiki iliyofuata michembe haikununuliwa. Kisha jirani mmoja akamwambia Mayu Milembe ahame mwenyewe kabla hajahamishwa. Shemeji yake akaja na mkokoteni wa ng'ombe, akampeleka Lingeka. Nilikuwa langoni. Alinipungia mkono.

Mwalimu wa zamu aliuliza darasani nani kachora fisi. Masanja akasimama. Akanitazama, akingoja.

Nilibaki nimekaa.

Alisimamishwa masomo wiki mbili. Hakunitaja, na hakurudi dawatini kwangu.

Katika kazi ya habari nimejitetea mara nyingi kwa sentensi moja: niliandika nilichokiona. Wahariri wanaipenda. Kwa picha ile haitoshi, maana sikumwona Mayu Milembe na fisi yeyote, na fisi aliyeaminika ni yule niliyemrekebisha mimi.

Leo baada ya ibada nilimpigia Kabula. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama taarifa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Bibi miaka yote anasema wewe ulimchora vizuri, ila yule mwenzako ndiye aliyemharibia."

"Ndiyo maana nimekupigia, mama."

"Sasa unataka mimi nimwambie?"

Nadhani nilitaka.

"Hapana, baba. Huo mzigo usinitwike mimi. Jumamosi njoo, saa tatu, kabla jua halijawa kali, atakuwa amekaa nje. Na usije na daftari lako wala kamera. Njoo na mdomo."

Nitakwenda. Jumamosi, saa tatu asubuhi, Lingeka.