Waliomsalimu Baba kwenye Video ya Asali

Baba yangu,

Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Lakini sina raha, na aliyeharibu ni mimi mwenyewe.

Unakumbuka siku ile porini nilipokurekodi kwa simu ukirina asali? Moshi umekuzunguka, ukanifokea, "We mtoto, unapiga picha au unasaidia?" Nikakwambia watu wakitafuta asali ya Tabora mtandaoni wataiona video, kisha wataingia kwenye tovuti yetu kununua. Ukacheka mpaka nyuki wakachachamaa. "Haya, waambie hii haijatiwa sukari."

Ee baba, si walikuja! Tovuti iliyokaa mwaka mzima bila mtu kubisha hodi ikaanza kupata oda za Dar, Mwanza, Dodoma. Jioni ulikaa hapa nyumbani Cheyo nikusomee maoni, na kila aliyeandika "Shikamoo mzee" ulitaka ajibiwe. "Mtu akusalimie umnyamazie? Andika marahaba."

Halafu ukafariki. Matanga hayajaanuliwa, shikamoo bado zinaingia. Nilishindwa kuziacha hivi hivi. Nikaandika marahaba moja, kama ulivyonizoesha, kisha nyingine, mwisho ikawa kila siku. Asali sasa nanunua kwa warina wengine. Ni nzuri, lakini si yako. Wakiuliza kama ni ya yule mzee wa kwenye video, najibu ndiyo. Nikisema ukweli wataacha kununua, na tovuti ndiyo inatulisha mimi na mama. Naogopa, baba, na naona aibu hata kumtazama mama usoni.

Sasa juzi dada mmoja wa Dodoma, mteja wetu wa siku nyingi, kaandika kwamba anapanda treni kuja Tabora. Amekununulia kofia, anataka akupe kwa mkono wake. Nikakosa pa kujificha. Nikampigia, nikamwambia, "Dada, mzee alifariki tangu masika."

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Sasa mimi nilikuwa nasalimiana na nani?"

Nililia, baba, kilio ambacho hata siku ya kukuzika sikukilia, naye akakaa kwenye simu ananisubiri.

Leo naandika chini ya video kwamba hupo tena. Watakaoondoka, waondoke. Pumzika, baba yangu. Sitaitikia tena kwa jina lako.

Kitindamimba wako