Mmoja Kwenye Dishi, Mmoja Mbele ya TV

Kakuma, Jumatano jioni

Baba,

Pokea salamu za binti yako kutoka huku kwenye joto. Mgongo unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi ni mzima, ila jua limenichoma hadi ukiniona utauliza huyu ni mtoto wa nani.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu siku uliposema msichana wa kupanda mapaa ya watu hana baba, mwaka umepita na hujaniita jina. Nikiongea na Mama nakusikia ukikohoa nyuma yake, basi. Inaniuma, Baba.

Nilianzia Lodwar, kwa fundi mmoja wa madishi. Wiki za kwanza nilibeba ngazi tu. Wateja wakiniona, "Fundi yuko wapi?" Nawaambia ni mimi. "Hapana, fundi mwenyewe!" Aliyenichukua kama mtu ni mama mwenye nyumba niliyopanga, Mturkana. Kila asubuhi ananisalimu "Ejok!" na kikombe cha chai ya maziwa.

Halafu tukahamia Kakuma. Hapa kuna Wasomali wengi, na waume wengi wako safarini na malori. Mwanamume mgeni haingii uani mwenye nyumba asipokuwepo. Fundi wangu alikuwa akirudishwa mlangoni na spana zake, na dishi limelala huko ndani. Siku moja akanituma mimi, nikakaribishwa mpaka jikoni. Siku hizi wananipigia mimi moja kwa moja. Yeye ananuna kidogo, lakini kazi ni kazi.

Juzi niliitwa na Mama Hodan, muuza vitambaa. Mbuzi wake walikuwa wamejikuna kwenye nguzo ya dishi mpaka ikapinda. Nikainyoosha, nikalitega dishi kama letu la nyumbani, likatazama juu kama sufuria inayongoja mvua. Saa nzima, hakuna kitu. Mama Hodan akatoka, mikono kiunoni.

"Wewe fundi gani? Hii yetu inaangalia jua ikilala!"

Lo! Kweli, stesheni wanazotaka wao zinatoka upande wa magharibi. Nilikuwa nimetega dishi la watu kwa mazoea ya kwetu. Akarudi ndani kukaa mbele ya TV, nami nikaligeuza polepole.

"Bado! Bado! Imekuja... imepotea. Rudisha! Hapo hapo! Usiguse!"

Baba, spana iliniponyoka. Hayo si maneno yako? Nilikuwa darasa la sita. Ulinipandisha mwenyewe juu ya paa la jikoni, kwa sababu mabati yalikuwa mabovu na kaka Wafula alikuwa mzito. Wewe ulikaa ndani ukipiga kelele mpaka majirani wote wakajua kuna mpira. "Rudisha, Nasimiyu! Hapo hapo!" Sasa kazi hii nilifundishwa na nani? Nililia pale uani kwa watu. Mama Hodan akakimbia na maji, "Pole, pole, mkono imeumia?" Nikasema ni vumbi.

Siku ile tulipogombana nilikujibu vibaya, na kwa hilo naomba unisamehe. Kazi siachi.

Mama anasema tangu upepo ule mkubwa TV yetu haionyeshi kitu, na fundi wa sokoni umemkatalia. Eti unakaa tu unaitazama ikiwa nyeusi. Tafadhali usipande, mgongo huo. Apande Wafula, siku hizi mabati ni mapya. Alegeze nati za nyuma bila kuzitoa, kisha asubiri. Yeye hajui pa kuligeuzia. Najua mimi.

Msalimie nyanya yangu, Kukhu, mwambie dawa ya kifua naitafuta. Msalimie shangazi wa pale mtoni, na mke wa Wafula, nasikia amejifungua salama.

Kazi ya dishi si ya mtu mmoja, wewe unajua. Wafula atakuwa juu na spana, nami nitakuwa kwenye simu nikimwelekeza. Lakini ni lazima mtu akae mbele ya TV aniambie anachoona. Jumapili mkitoka kanisani nitapiga. Usimpe Mama simu. Kama bado umekasirika, usinisalimu. Sema tu "bado," nitajua uko hapo.

Ni mimi, yule mwepesi wa paa la jikoni,
Nasimiyu