Damu ya Babu Yako Iko Kigera

Nyangeta, mke mwenzangu,

Hapa Bweri tu wazima, na mihogo imekubali. Msalimie mumeo, mume wetu, huko India alikolazwa.

Unaniuliza kama utoe kipande cha ini apewe mgonjwa usiyemjua, ili ndugu wa huyo amtolee mume wetu, kwa kuwa lako halimfai. Eti ini likikatwa linakua tena! Mungu ni fundi, mjukuu wangu.

Enzi za Ujamaa, nikiwa bibi harusi wa wiki mbili, mama mkwe alihitaji damu, hospitalini Musoma. Ya babu yako haikumfaa. Ilimfaa msichana wa kitanda cha jirani, aliyeishiwa damu akijifungua, na ya mume wa msichana ikamfaa mama mkwe. Watu waliaminiga kwamba ukitolewa damu hutalima pamba tena. Babu yako akakunja shati.

“Chukua, dada nesi. Naye ni mwana wa mtu.” Akanikonyeza: “Bibi harusi, jembe langu utalishika wewe.”

Nilimpenda upya palepale!

Wote wawili walipona. Babu tumeshamzika, lakini msichana yule, sasa bibi kizee wa Kigera, akinishika mkono kanisani kila Jumapili, nasikia joto la mume wangu.

Bibi yako anayekuombea