Mama Mkwe Kazitosa Ndimi za Obo Yangu, Anasema Kila Mmoja Ni Mwanamke

Mpendwa Bi Kudra, shikamoo, naomba msaada wako upesi kwa sababu mke wangu Shamsia yuko kwao Mbuchi kwa hasira, chombo changu cha kazi hakina ulimi, na wiki ijayo natakiwa Dar kupiga mbele ya wakuu wa okestra moja ya Uarabuni wanaotafuta mpigaji mmoja tu, nikikosa hapo sijui nitapata wapi tena. Mimi ni mpiga obo, yaani zumari la Kizungu, jeusi, refu, lenye vitufe vya fedha, na nisijisifu lakini nimepiga Nairobi, nimepiga na Ujerumani watu wakasimama, ila nilianzia kwenye zumari la babu yangu Salumu kule Umwe, na kwa kuwa kwetu mpiga zumari ni mtu wa ngomani anayelishwa wageni wakishashiba, nilipokwenda kuposa nilimwambia mshenga wangu Bwana Ally aseme nafanya kazi kwenye taasisi, neno ambalo wazee wakilisikia huitikia kwa kichwa na hawaulizi tena.

Basi tukaoana, na Shamsia naye nikamwachia hiyohiyo taasisi, mazoezi nikawa nafanyia huko nje ya mji kwenye mikorosho, nyumbani natengeneza ndimi tu. Ulimi, Bi Kudra, ni vipande viwili vyembamba vya tete vinavyofungwa pamoja kwa uzi, mimi napenda mwekundu, unauloweka kwenye kikombe, unaunyonya, unaukwangua kwa kisu, kisha unaupuliza peke yake kuujaribu, nao hulia kama bata. Sasa mama mkwe, Bi Mwanamkuu, alipokuja kututembelea akasikia bata analia chumbani kwetu na mlango umefungwa, akazunguka nyumba nzima na uani kumtafuta huyo bata asimwone, nami nilipokwenda msikitini akamtuma Shamsia akafungue kiboksi changu, wakakuta ndimi zimelazwa kwenye kitambaa cha mahameli, zote zimefungwa uzi mwekundu shingoni, akapiga yowe majirani wakajaa, akaitwa mganga, naye mganga akasema kila uzi ni mwanamke niliyemfunga na lazima watoswe kwenye maji ya chumvi.

Nikarudi nikamkuta mke wangu kashika ulimi mmoja analia, "Huyu mfupi ni nani?" Nikamwambia huyo ni wa sauti za juu. Akazidi kulia, "Kumbe mpaka sauti yake unaijua!" Ningeeleza, wallahi, lakini mama mkwe alikuwa kakaa palepale ukumbini, na wewe ni mtu wa pwani, unajua mkwe hatazamwi usoni wala habishiwi, sembuse kutia kitu mdomoni mbele yake na kukiliza kama bata. Nikainamisha kichwa kwa haya, wao wakaona nimekiri.

Wameondoka na kiboksi, ndimi zimetoswa, na baba mkwe Mzee Mrisho kanipigia simu: "Mkwe, sisi tunakuheshimu sana. Lete na hilo dude lenyewe tulitose, au lete talaka ya mtoto wetu." Shamsia nampenda na obo ndiyo maisha yangu. Nichague lipi?

Abubakary, Kibiti

Marahaba, Abubakary. Nimecheka, unisamehe. Kisha nikakasirika, na kwa hilo sikuombi msamaha.

Pole kwa ndimi zako, kazi ya mikono ikitoswa inauma. Lakini Bi Mwanamkuu amekosa nini? Mtu anasikia bata bila bata, anaona nyuzi nyekundu, na mume wa mwanawe hakuna anayejua anakula wapi mshahara. Ulitaka afikirie Ujerumani? Hata mimi ningepiga yowe. Njia ya mwongo ni fupi, bwana, yako imeishia Mbuchi. Taasisi! Taasisi gani hiyo yenye mfanyakazi mmoja na mikorosho? Umelionea aibu zumari lililokupandisha ndege.

Sasa sikiliza. Hutosi kitu na hutoi talaka. Leo hiihii anza kukwangua ndimi mpya, usingoje ugomvi uishe, maana hao Waarabu hawatakungoja. Na uzi, mwanangu, nunua wa kijani. Kisha mchukue Bwana Ally mwende Mbuchi. Mdomo wake ndio uliopeleka uongo, huohuo upeleke ukweli, wewe kaa na haya yako uinamishe kichwa unavyojua. Aombe radhi kwa ajili ya taasisi tu. Wanawake asiwaombee radhi, hawapo, na ukiomba radhi kwa wasiokuwepo watakuwepo. Tete, uzi na kikombe cha maji Bwana Ally amwekee mama mkwe mbele yake. Mwanamke wa huko Mbuchi wa umri wake hakosi kujua kusuka mkeka, na anajua ukindu mkavu ukiukunja bila kuuloweka unakatika. Ataelewa kabla Bwana Ally hajamaliza kusafisha koo. Na kama Mzee Mrisho bado atataka kutosa, mwambieni kwa adabu kwamba obo hiyo ndiyo inayomlisha mwanawe, hakuna mkulima anayetosa jembe.

Hayo ni ya wakwe, ni mepesi. Zito ni hili. Wajerumani wamekusikia. Nairobi wamekusikia. Hata mikorosho imekusikia. Shamsia, mnayekula naye sahani moja, hajakusikia hata siku moja. Mimi sidhani alilia kwa ajili ya uchawi. Aliona una jambo unalolipenda kuliko chakula, umelifungia mlango, na yeye yuko nje. Hilo lingemliza mke yeyote, na mimi mwenyewe limenisikitisha.

Basi wazee wakishapoa, omba ruhusa ukae na mkeo barazani. Usimpigie ile ya kuwasimamisha Wazungu. Mpigie ya kwanza uliyofundishwa na babu yako, taratibu, umtazame. Utaogopa kuliko mbele ya okestra yoyote, na uogope tu, ni haki yako. Akikwambia "Acha," niandikie tena tutafute njia. Akikwambia "Rudia," usipoteze muda kuniandikia. Rudia.